Malsun Aliyeishiwa na Sala

Kwenye kanisa letu dogo pale Jeongeup, Korea, watu walikuwa wanagombania kukaa karibu na Kwonsa Malsun katika ibada ya alfajiri. Waliamini sala zake zina moto. Mchungaji akishazima taa na kubakiza ile moja iliyo juu ya msalaba, tunaita "Bwana!" mara tatu kwa nguvu zetu zote, halafu kila mtu anamwaga ya kwake kwa sauti, wote kwa pamoja, mpaka vioo vya madirisha vinatetemeka. Katika ghasia hiyo ungemwona Malsun amefumba macho, anayumba mbele na nyuma, midomo inakwenda mbio kama cherehani. Wake vijana walikuwa wakitazamana na kutikisa vichwa. Yule mama, walisema, ndiye anayelishikilia kanisa hili lisianguke.

Laiti wangesikia alichokuwa anasema! Alikuwa anasema: "Figili, tofu, vitunguu vya majani, dagaa wakavu wa kuchemshia supu. Mafuta ya ufuta yamekwisha. Figili za juzi zilikuwa na nyuzi, yule mzee wa kona sinunui kwake tena." Basi. Hiyo ndiyo sala iliyokuwa ikitetemesha mapepo ya wilaya nzima.

Ilianza kama hila ya kujizuia asisinzie. Kisha ikawa ndiyo sala yenyewe, maana nyingine hakuwa nayo. Kwa karibu miaka mitatu Malsun hakuwa amemwambia Mungu neno moja la kweli. Si kwamba aliacha kuamini. Ungemwuliza kama Mungu yupo, angekutazama kama mtu aliyeulizwa kama mchele upo. Lakini kila alipofungua kinywa aseme Naye, alisikia kijiko kikikwaruza sufuria tupu. Na kilichomuumiza zaidi ni kwamba hakuwa na sababu. Wengine walikauka kwa msiba, wengine kwa talaka, wengine kwa kudhulumiwa shamba. Yeye alikauka tu, na aliona aibu.

Alizaliwa binti wa tano kwa baba aliyekuwa akingoja mvulana, akapewa jina la kuwafungia mlango wasichana wengine wasije. Aliolewa katika ukoo wa kina Ma, Wakristo tangu babu, na siku ya tatu ya ndoa mama mkwe wake alimpeleka kanisani. Hakumwonyesha mimbari wala benchi la familia. Alimwonyesha jiko. "Hapa ndipo tunapokaa sisi," alimwambia. Malsun alikaa. Mumewe alikufa mapema, binti yake akaenda kuishi Daejeon, na yeye akaendelea kukaa. Nywele zilipoanza kuwa nyeupe walimpa ukwonsa, cheo wanachopewa akina mama waliolitumikia kanisa mpaka likawazoea, na maana yake kwa lugha ya kawaida ni kwamba sasa ufunguo wa jiko ni wako na usitegemee mwingine atauchukua.

Kisha mama mkwe akapotewa na akili za uzeeni. Kwa miaka mingi Malsun alimlisha, alimwogesha, alimtawaza, alimtafuta barabarani akiwa amevaa kiatu kimoja. Hata hapo hakukosa jikoni. Bibi alipofariki, waumini walimshika mkono mmoja mmoja wakimwambia, "Pole Mama Kwonsa, sasa utapumzika." Alirudi nyumbani, akakaa sakafuni, akangoja mapumziko yaje. Kilichokuja ni ule ukavu.

Sasa, huku kwetu kila mwaka baada ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, mashamba yakiwa yamelala chini ya baridi, kanisa hufanya mkutano wa uamsho. Anaalikwa mhubiri kutoka mbali, anahubiri alfajiri, mchana na jioni kwa siku kadhaa, watu wanalia, wanatubu, wanapatanishwa na wake zao. Na watu hao wote lazima wale. Kwa hiyo Malsun, aliyepika kwenye uamsho tangu akiwa mke kijana, hakuwahi kukaa kwenye hata mmoja. Aliusikia kupitia spika ndogo iliyo juu ya friji, chini ya mngurumo wa feni ya kutoa moshi. Wahubiri aliwakumbuka kwa matumbo yao. Yule asiyekula samaki. Yule wa kidonda cha tumbo, wa uji tu. Yule aliyehubiri juu ya kufunga na akaongeza wali mara tatu.

Mwaka huo, juma la uamsho lilipofika, walikuwa jikoni na Gyesuk wakichambua chipukizi za soya, beseni katikati yao. Gyesuk si ndugu yake wa damu, humwita dada kwa kuwa ni mdogo kwake kwa miaka kumi hivi, anakaa nyumba inayotazamana na kanisa, na mdomo wake haujawahi kufungwa tangu aumbwe.

"Huu ndio wa mwisho," Malsun alisema.

"Chipukizi za mwisho? Kuna gunia zima pale nyuma, dada."

"Uamsho wa mwisho. Ukiisha naenda kwa binti yangu Daejeon. Nahama."

Gyesuk aliendelea kuvunja mikia ya chipukizi. "Utamweza mkweo? Yule anayekula mkate asubuhi kama Mmarekani?"

"Huko kuna makanisa makubwa. Unaingia, unakaa nyuma, unatoka. Hakuna anayekujua, hakuna anayekuuliza supu iko wapi."

"Na sala zako? Utazipeleka huko nyuma kukaa na wanaochelewa?"

Malsun alitupa mikia kwenye ndoo. Alitaka kumwambia. Neno lilimfika kooni kabisa, lakini Mchungaji Ham akaingia, na likarudi lilikotoka.

Mchungaji Ham ni kijana, mwembamba, mwenye bidii ya kumchosha mtu kwa kumtazama tu. Alikuwa ametoka kutundika bango nje, limeandikwa UHAI MPYA kwa herufi nyekundu, na vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

"Mama Kwonsa!" alisema akipulizia mikono. "Nimefurahi kukukuta. Mwaka huu nina mzigo moyoni. Watu wamechoka. Wanakuja, wanakaa, lakini wamekauka ndani. Tunaukabidhi mkutano huu kwa sala zako."

"Zangu?" alisema Malsun.

"Zako, mama. Mke wangu anasema akikaa nyuma yako alfajiri anasikia joto mgongoni."

"Joto la mgongoni ni la bomba la maji moto, Mchungaji," alidakia Gyesuk. "Linapita ukutani pale pale."

Mchungaji alicheka, akachukua kiazi kitamu kilichookwa, akaondoka. Malsun alibaki na mikono ndani ya maji ya baridi. Mwizi akisifiwa uaminifu mbele ya watu hana mahali pa kuweka uso, na yeye hakuwa napo. Aliamua moyoni kwamba siku nne zikiisha atauacha ufunguo kwenye meza ya ofisi na kuondoka bila hotuba.

Jioni ya kwanza ilikwenda vizuri. Kanisa lilijaa, mhubiri alipiga kelele mpaka spika ya juu ya friji ikakoroma, watu walilia. Malsun alikoroga supu. Mhubiri alikula, akaacha figili zote pembeni mwa bakuli, akapelekwa kulala kwenye nyumba ya wageni huko mjini. Malsun aliosha bakuli hadi kiuno kikakataa kunyooka, akaenda kwake, akalala na soksi.

Usiku huo theluji ilianguka kama iliyotumwa. Alipofungua mlango alfajiri, ilikuwa imefika magotini na bado inashuka. Mtu mwenye akili angerudi kitandani. Malsun alijifunga skafu, akaanza kuivuka, kwa sababu wali lazima uwekwe jikoni na kwa sababu miguu yake haikujua njia nyingine ya kwenda saa hiyo. Alianguka mara moja karibu na duka la mbolea. Alikaa pale kwenye theluji kitambo, akifikiri kwamba si pabaya, kisha akainuka kwa sababu makalio yalikuwa yanaloa.

Kanisani alikuta watu wawili tu. Mchungaji Ham, anayeishi ghorofa ya juu na aliyemwacha mkewe kitandani na homa, na Gyesuk, aliyevuka barabara na koleo mkononi. Gari la mhubiri lilikuwa limezikwa mjini. Msichana wa kinanda hakufika. Hata maiki Mchungaji hakuiwasha, angemhubiria nani?

"Mimi niko jikoni," Malsun alisema, tayari amevaa aproni.

"Hapana, mama, kaa. Wali hautakimbia. Tukikosa watu, tukikosa na wewe, nitaomba na viti?"

Akakaa. Mahali pake pale pale, kando ya ukuta wenye bomba. Mchungaji alizima taa, akabakiza ile ya juu ya msalaba. "Bwana!" waliita mara tatu, sauti tatu katika ukumbi wa kuenea watu mia mbili, zikagonga ukuta wa nyuma na kurudi zikiwa zimepungua. Kisha wakaanza kuomba, kila mtu ya kwake. Malsun alifumba macho, mwili ukaanza kuyumba wenyewe, na midomo ikaondoka.

Mazoea ni kitu kibaya. Hakufikiri hata mara moja kwamba leo hakuna ghasia ya kujifichia. Koo la Mchungaji lilikuwa limekwaruzwa na kelele za jana, akanyamaza ili akohoe. Gyesuk naye akanyamaza apenge kamasi. Na katika ule uwazi, sauti ya Kwonsa Malsun ikasikika peke yake, wazi kabisa, yenye upako wote:

"…na figili leo zikatwe nyembamba, za jana zilikuwa ngumu, mhubiri kaziacha zote, ana meno ya bandia yule, tofu iloweshwe mapema, chumvi ya Gyesuk isiguse sufuria yangu…"

Aliendelea hatua kadhaa mbele kabla hajajisikia. Akafumbua macho. Mchungaji alikuwa amegeuka anamtazama, kitambaa kiko mdomoni. Gyesuk alikuwa ameshika pua.

"Dada," alisema Gyesuk polepole, "unasali au unakwenda sokoni?"

Kisha akacheka. Gyesuk akicheka hajui kusimama, na siku hiyo alicheka mpaka akashika benchi la mbele, machozi yanamtoka, anajaribu kusema samahani na hawezi. Mchungaji, maskini, alichanganyikiwa akasema "Amina," ndipo Gyesuk akavunjika mbavu kabisa.

Damu ilimpanda Malsun usoni. Angetaka sakafu immeze. Lakini sakafu haikummeza, na aibu ilipokosa pa kwenda ikageuka hasira. Akasimama, na aproni yake, na soksi zake zilizoloa.

"Ndiyo, nakwenda sokoni!" alisema. "Mlidhani nakwenda wapi? Sina sala. Sina! Zimekwisha zamani, na nyinyi mnakaa nyuma yangu mnaota joto la bomba!"

"Mama Kwonsa…" alianza Mchungaji.

"Wewe nyamaza, sijazungumza na wewe." Akageuka akaelekea ile taa moja, kidole kimenyooshwa, kidole kile kile anachowanyooshea wauza kabichi. "Nazungumza na Wewe. Ndiyo, Wewe! Tangu nilipoolewa nakupikia. Wageni Wako nimewapikia, wahubiri Wako wenye matumbo yao nimewapikia. Mama mkwe wangu nimemlisha, nimemtawaza, nimemtafuta usiku kwenye mvua, Wewe ukiwa umekaa unatazama. Sikulalamika. Hivi umewahi kuniuliza kama nimekula? Siku moja tu! Hata jirani mbaya mkikutana njiani anauliza, 'Umeshakula?' Hata mtu anayekudai anauliza! Wewe hujawahi! Nimechoka. Nimechoka na kanisa Lako, nimechoka na supu, nimechoka… nimechoka na Wewe!"

Neno la mwisho lilimtoka kabla hajalizuia. Likapanda juu kwenye dari na kukaa huko. Gyesuk hakucheka tena. Theluji iliteleza kutoka paani ikaanguka nje kwa kishindo, na Malsun akafumba macho, kwa sababu alidhani ndiyo hukumu imefika.

Hukumu haikuja. Akashusha kidole, akaketi. Alihisi vibaya, na chini ya huko kuhisi vibaya kulikuwa na kitu kingine, kama mtu aliyetapika kitu kilichomkaa tumboni siku nyingi.

Mchungaji Ham alimsogelea. Ungeona kabisa kwamba anatafuta aya ya kusema, na kwamba aya zote zimemkimbia. Mwishowe alichutama mbele yake na kusema lile tunalosema sote tukikosa la kusema.

"Mama. Umeshakula?"

"Nile nini saa hii?" Malsun alifoka. "Nani kapika?" Kisha uso wake ukakunjamana, akalia, kwa sauti kubwa, bila haya, pua na macho, kama watu wa kijijini kwao walivyokuwa wakilia makaburini.

Walimwacha alie. Gyesuk alimzunguka mgongoni akafungua fundo la aproni. Malsun aliishika. Gyesuk akavuta. Walivutana kidogo, wanawake wazima wawili mbele ya msalaba, na Gyesuk akashinda. Wakampeleka kwenye chumba kidogo cha pembeni mwa jiko, kile chenye sakafu ya joto, wakamfunika miguu na blanketi la watoto wa shule ya Jumapili. Aliwasikia wakihangaika jikoni. Mchungaji hakujua hata gesi inawashwa wapi. Kitu kilianguka. Kitu kingine kiliungua.

Gyesuk alileta supu ya mwani na wali, juu ya meza ndogo ya miguu mifupi, kama anavyoletewa mgeni.

Malsun alionja. "Chumvi," alisema.

"Kula."

"Mwani hukuulowesha. Na wali umeungua chini."

"Kula, dada! Ukimaliza utatukana."

Alikula yote. Alilalamika na akala yote, hadi akainua bakuli na kunywa mchuzi wa mwisho. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alikula katika jengo lile akiwa ameketi. Alitaka kuinuka akaoshe bakuli, na hilo ndilo jambo la mwisho alilokumbuka, kwamba alitaka kuinuka.

Ibada ya mchana ilimpita amelala. Mhubiri alifika kwa trekta la mkulima mmoja, watu wakaja kwa miguu kidogo kidogo, wakaimba, na yeye amelala kinywa wazi, mkono mmoja chini ya shavu. Mwanamke mmoja alikwenda kumwamsha aulize mwiko mkubwa uko wapi. Mchungaji alimzuia mlangoni. Kwa upole wake wote, inasemekana alimwambia kwamba atakayemwamsha Kwonsa leo atafute kanisa lingine.

Alipoamka jua lilikuwa limetoka, linaangaza juu ya theluji mpaka ndani. Mwili wote ulimuuma. Uchovu haukuwa umeondoka, mtu asikudanganye. Uchovu wa miaka hauishi kwa usingizi mmoja. Mabega yalikuwa yale yale, goti lilikuwa lile lile. Lakini alikaa pale kwenye joto na hakuwa na hamu ya kukimbia. Jikoni alisikia maji yakimwagika na sauti za wanaume.

Alijikokota mpaka mlangoni. Gyesuk alikuwa amekaa juu ya kreti la kabichi lililopinduliwa, miguu imenyooshwa, anamenya chungwa kama malkia. Mbele yake, kwenye masinki, wazee wa kanisa walikuwa wamekunja mikono ya mashati, tai zimetupwa mgongoni, wanaosha bakuli. Wote. Hata Mzee Guk, mwenyekiti wao, ambaye nyumbani kwake hajui glasi zinakaa kabati gani.

"Amri ya Mchungaji," alisema Gyesuk. "Mpaka mkutano uishe. Amewatangazia mbele ya mhubiri, wakakosa pa kukimbilia."

"Mhubiri amekula nini?"

"Tambi za pakiti. Amezisifu. Kasema hajala chakula kitamu hivyo tangu afike."

Malsun alifumba na kufumbua macho. "Tambi za pakiti?"

"Akaomba nyingine."

Bakuli lilimteleza Mzee Guk, likaruka, likaanguka, likavunjika vipande viwili safi. Alivitazama vile vipande, akajaribu kuvirudisha pamoja, kama vitashikana. Sabuni ilikuwa imemfika kwenye nyusi. Malsun aliegemea mwimo wa mlango, na kitu kikamtekenya kifuani.

"Ee Bwana, waone tu hawa wazee Wako," alisema. "Wanaosha bakuli kama wanamwogesha paka. Na Wewe ulikuwa unajua siku zote kwamba hawawezi, ukanyamaza."

Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwambia mtu aliyekaa karibu, macho wazi, bila kuyumba. Gyesuk aliacha kutafuna, akageuka kutazama chumba cha nyuma. Hakukuwa na mtu.

"Unaongea na nani, dada?"

Malsun alifungua kinywa amjibu, na ndipo naye alipogundua kwamba alikuwa anasali.